Re: Nimeokoka ila kuacha kuuza mafuta ya gari kunanishinda, nifanyeje?

Bwana asifiwe mdogo wangu. Uzi wako nimeusoma wote, umeokoka, unaendesha semi Dar - Tunduma, kila ukipaki usiku kuna jamaa wanakugongea kioo na madumu wanataka uwauzie dizeli ya bosi, umefunga umeomba lakini ukifika palepale unalegea. Wapendwa hapo juu wamekwambia ongeza maombi. Sipingi, ila hiyo barabara nimeila miaka mingi, ngoja nikujibu kidereva.

Jaribu la mafuta haliji na sura ya wizi, linakuja na hesabu. Bosi kakupigia hesabu ya lita za tripu, wewe umeendesha kistaarabu hukukanyaga ovyo, umefika una lita zimebaki, hapo ndo kichwa kinaanza "hizi si nimezisevu mwenyewe?" na kweli mileji (posho ya safari) wamekuchelewesha na kweli mtoto karudishwa nyumbani hana ada. Ndo maana linauma, kwa sababu shida yenyewe ni ya kweli. Hata Mathayo 4 shetani alianzia kwenye mkate, mkate si dhambi, na Yesu njaa alikuwa nayo baada ya siku 40 bila kula. Sasa ukishakubali kwamba hizo lita ni zako, tripu inayofuata utaanza kuzitafuta, mteremko unaweka frii (unatoa gia) na mzigo wa tani karibu 30 mgongoni ili ubakize zaidi, na kushuka mlima Kitonga na frii sina haja ya kukuelezea kunaishia wapi.

Kingine, kila mtu anahubiri Yusufu alivyokimbia akaacha vazi mkononi mwa mke wa Potifa, mstari wa 10 wa Mwanzo 39 wanauruka. Pale imeandikwa yule mama alimsemesha siku baada ya siku, na Yusufu akakataa hata kukaa naye. Mbio zilikuja mwisho kabisa, kabla ya hapo jamaa alishakuwa anakwepa kila siku. Kwa hiyo wewe acha kupaki pale wanapokujua! Nikiwa natoka Dar huwa napanga kabla sijapita mizani ya malori ya Vigwaza leo nalala wapi, na ni yadi yenye mlinzi na taa hata kama naongeza saa nzima ya kuendesha. Wale wa madumu niliwaambia mchana kweupe, tena utingo wangu akisikia, kwamba mimi nimeokoka siuzi. Walicheka sana, wakanipa na jina la pasta, lakini usiku hawagongi tena. Utingo naye ni macho, ukishatamka mbele yake huwezi kugeuka kirahisi. Mambo ya gesti na wanawake wa njiani sina maneno mengi, lala kwenye kabini, simu mpigie mama watoto kabla hujalala, bando likibaki libaki.

Sasa kuna kitu hakuna mchungaji atakwambia maana hajawahi kukijua. Ukianza kurudisha lita zilizobaki, bosi atasema kumbe tripu inaenda na mafuta pungufu, atawakata madereva wote. Hapo utaitwa msaliti, na wana haki ya kukasirika kwa sababu kuna siku ya foleni ya mpakani Tunduma injini inaunguruma usiku kucha na hizo lita zinahitajika. Mimi niliwafuata wenzangu kwanza kabla ya kuandika chochote kwenye karatasi ya safari, nikawaambia nitarudisha, twendeni pamoja tudai mileji ipande na mafuta ya foleni yahesabiwe. Wawili watatu walikuja, wengine mpaka leo salamu hawaitiki. Mileji ilipanda kidogo, kidogo kweli, na mimi nikahamishiwa gari bovu kwa muda. Usitegemee ukishinda jaribu unapandishwa cheo, Yusufu alipelekwa gerezani kwanza.

Na usikae nalo peke yako. Tafuta dereva mmoja mwokovu, wapo wengi tu, mkubaliane aulize bila kupindisha maneno, "juzi Makambako ulilala wapi, umeuza?" Kwenye maombi ya pamoja kanisani mtu unasema "niombeeni nina changamoto" unapita hivyohivyo hakuna aliyejua kitu.

Umeuliza pia kama uache kazi. Kwa hili la madumu mimi nisingeacha. Ila kama bosi mwenyewe ndiye anakutuma utoe kitu kidogo mizani ili mzigo uliozidi upite, hiyo ni habari nyingine, anza kutafuta gari lingine kimyakimya kabla hujatoa notisi, na hiyo mileji waliyokushikia uidai kwa maandishi, nakala ubaki nayo.