Ukiulizwa "Kwenu Wapi?", Unasimulia Hadithi ya Nani?

Sisi tuliozaliwa kwenye makambi ya mkonge mkoani Tanga tunalijua vizuri swali la "kwenu wapi?" Ukijibu Korogwe, mtu anaendelea: "Hapana, kwenu hasa?" Hapo unaanza kusimulia: babu alitoka Kasulu, mkoani Kigoma, akaja kukata mkonge, akabaki. Maneno hayo machache ndiyo yanayoamua watu watakuchukulia vipi, na ukishayarudia miaka mingi yanaamua hata unavyojiona mwenyewe. Nakushauri uyachunguze kabla hujawarithisha wanao.

Kwetu hadithi iliyozoeleka ni ya baba mkubwa. Kwake babu ni kijana jasiri aliyesikia kuna fedha upande wa pwani, akapanda treni Kigoma, akamalizia safari kwa lori. Nimekua najivunia babu huyo, na siku nilipoondoka nyumbani kutafuta maisha, yeye ndiye aliyenitia moyo. Lakini shangazi anasimulia mengine. Anasema babu aliikimbia kodi. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi kwa fedha taslimu, na Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, fedha ilikuwa shida kupatikana, basi vijana wakasukumwa kwenda mashambani. Wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944, kikiwakusanya watu kutoka mbali kwa mikataba. Ndio walioitwa manamba.

Jasiri au aliyesukumwa? Kwangu mimi wote wawili ni babu, na sioni sababu ya kumfukuza mmoja. Ukikutana na jambo kama hili usiwapatanishe wazee kwa nguvu. Baba mkubwa alitaniwa shuleni kwamba ni mtoto wa manamba, na utani ule ulimuuma; alihitaji baba wa kujivunia. Shangazi ndiye aliyemuuguza babu uzeeni, akasikia yale ambayo hakuyasema mbele ya wanawe wa kiume. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza nini kilitokea, uliza pia: "Hili ulilisikia kwa nani, na wakati huo ulikuwa na umri gani?"

Tena, usianze kwa kuomba historia ya ukoo. Utapewa orodha ya majina ya wanaume, basi. Uliza kazi. Nilipomuuliza shangazi siku ya babu shambani ilikuwaje, aliinuka kitini akanionyesha kwa mikono: unaondoa kwanza mwiba wa ncha usikutoboe jicho, unalikata jani karibu na shina, unahesabu majani 30, unafunga tita, unaanza jingine. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30 za kazi, na hadi zijae ndipo ulipwe. Bado amesimama, akaongeza kwamba bibi naye alikuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, zikitoka korona, mashine ya kuchambulia majani, vidole vikachubuka. Kwenye hadithi ya baba mkubwa, bibi anapika tu.

Kuhusu miaka, usiwabane. Uliza ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, Azimio la Arusha, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera. Utaipata.

Na usikubali kuambiwa kwamba jibu la kweli ni lile la mbali zaidi. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na miche iliyonusurika safarini ilikuwa 62 tu. Leo ni alama ya Tanga na hakuna anayebisha. Mimi najibu kwetu ni Korogwe, kisha namweleza muulizaji habari za Kasulu, kwa mpangilio huo.

Ukishaandika, weka jina la msimulizi kando ya kila hadithi, usizichanganye, halafu uwasomee wenyewe. Hatua hii watu wengi wanairuka, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Nilipomsomea shangazi lile neno "akabaki", alinisimamisha. Babu hakubaki, alisema. Mkataba ulipokwisha alishafunga mizigo. Bibi, Mbondei wa Muheza, ndiye aliyekataa kuondoka, kwa kuwa mtoto wao mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mtoto huyo ni baba mkubwa, na habari hizi hakuwahi kuzisikia. Nimeshampigia simu, shangazi amesema atamsimulia mwenyewe.