Jezi ya Stars katikati ya Wakenya: nenda tu
Mkuu, umeuliza kama utakaa kwa amani na jezi ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, maana tiketi uliyopata ni ya upande wa Wakenya. Nenda. Mimi nilikaa hivyo Cairo, Tanzania ilipocheza na Kenya kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2019. Msuva wetu alipofunga dakika ya 6 niliruka peke yangu, safu nzima ikanigeukia. Jamaa wa nyuma akaniambia tu, "Ngoja, bado mapema." Olunga wa Kenya akasawazisha kwa tikitaka, goli zuri mno, na hata hawajamaliza kushangilia Samatta akaturudisha mbele. Halafu Omolo, halafu Olunga tena dakika ya 80. Tukalala 3-2. Nililia kweli. Mama mmoja aliyejifunga bendera ya Kenya mabegani akanifungulia chupa yake ya maji, akanishika mkono hadi getini.

Wimbo wao wa taifa ukipigwa, simama. Goli lako lishangilie, ila usimnyooshee mtu kidole usoni. Na soma masharti ya tiketi kwanza, kwa sababu viwanja vingine hukataza jezi ya wageni upande wa wenyeji. Beba shati la kuvaa juu.