Fundi Anajibu: RAM ya 6000 Inasoma 4800

SWALI: Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi hapa Arusha. Nimefunga kompyuta mpya: prosesa ya Ryzen 5 7600, mazabodi ya B650 na RAM mbili za DDR5, kila moja GB 16. Boksi limeandikwa 6000 CL30, lakini Task Manager inaonyesha 4800. Muuzaji kanipiga? Halafu rafiki yangu anasema niongeze mbili nyingine kama hizo zifike GB 64, eti mashine itakimbia zaidi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiende kugombana dukani, hujapigwa. RAM ya aina hii huwaka kwanza kwa mwendo wa kawaida ambao mashine yoyote inaumudu, na kwa DDR5 nyingi mwendo huo ni 4800. Ile 6000 imeandikwa kwenye kichipu kidogo kilicho juu ya RAM yenyewe, nayo haiamki mpaka wewe uiruhusu. Washa kompyuta huku ukibonyeza Delete mfululizo, utaingia kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mazabodi yenyewe. Tafuta neno EXPO, mpangilio wa kuiruhusu RAM ifike mwendo wa kwenye boksi, ambalo ndilo la AMD, watengenezaji wa Ryzen. Wenye Intel watakuta XMP. Chagua profaili ya kwanza, kisha hifadhi kwa F10.

Hapo ndipo wengi hushtuka. Kioo kinabaki cheusi, feni zinazunguka, kitaa cha DRAM (yaani cha RAM) kwenye mazabodi kinawaka na hakizimiki. Dakika zinapita. Tafadhali usiguse kitufe cha kuzimia! Prosesa inapimana na RAM ili zijue zitapokezana data kwa wakati gani hasa, na mara ya kwanza kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Nimeletewa mashine nzima kabisa zikidaiwa zimeungua, kumbe mwenyewe alikuwa akizizima katikati ya kipimo hicho kila mara.

Kabla ya yote, chungulia RAM zimekaa wapi. Kwenye mazabodi yenye sloti nne, zichomeke kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zikikaa ya kwanza na ya pili, zote zinapita njia moja na unapoteza nusu ya upana wa kupitishia data.

Faida utaiona. Kwa 6000 kila njia hupitisha GB 48 kwa sekunde, wakati kwa 4800 ni 38.4. Nayo CL ni idadi ya mizunguko RAM inayosubiri kabla ya kujibu: CL30 kwenye 6000 maana yake RAM huanza kujibu baada ya nanosekunde 10. CL40 kwenye 4800 ni karibu 17. Ndiyo maana sipendi mtu anunue RAM kwa kutazama namba moja tu ya kwenye boksi.

Ila ujue kwamba prosesa yako kiwango chake rasmi ni 5200, kwa hiyo 6000 ni kuisukuma zaidi ya hapo. Nyingi zinaweza bila shida, lakini pima. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa: rudi kwenye BIOS ushushe mpaka 5600, upime tena. Wewe unashika kumbukumbu za harusi za watu, na RAM yenye makosa huharibu faili kimyakimya, mteja ndiye anakuja kugundua.

Sasa huyo rafiki yako. Amekusudia mema, lakini usimfuate. Ukijaza sloti nne, kiwango rasmi cha prosesa hiyo kinashuka mpaka 3600, na RAM za boksi mbili tofauti mara nyingi hazielewani hata kama jina ni moja. Ukihitaji GB 64, uza hizo ununue mbili za GB 32 zilizotoka boksi moja.

SWALI: Fundi, SSD yangu ya NVMe (diski ile ya kasi) imeandikwa MB 5,000 kwa sekunde. Nikihamisha mafaili ya GB 300 kutoka SSD nyingine, inaanza kwa kasi, kisha inashuka mpaka MB 100. Ni feki?

JIBU: Si lazima. SSD nyingi za bei nafuu ni QLC, yaani kila chumba cha data kinabeba biti nne, na kuandika humo ni polepole. Ili kuficha hilo, sehemu ya nafasi iliyo wazi hutumika kwa muda kwa biti moja moja. Sehemu hiyo ikijaa unaona mwendo halisi, na kadiri diski inavyojaa ndivyo sehemu hiyo inavyopungua. Acha angalau robo iwe wazi. Pia gusa bamba la kupoozea: kama halipo, au kile kiplastiki chembamba cha chini yake hakikubanduliwa, joto nalo linaipunguza kasi. Kwa kazi ya kila siku ya video tafuta TLC, yaani ya biti tatu kwa chumba, yenye DRAM (kumbukumbu ndogo ya haraka) yake, hiyo ya QLC iweke kwa kuhifadhia kazi zilizokwisha.