Jibu: Faida ya kundi kwa aliyeumia ubongo

Dada yangu wa Uyole, umeuliza kama kuna faida ya kumkutanisha kaka yako, aliyeumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, na wengine walioumia kama yeye, ilhali miguu yake imeshapona. Faida ipo, tena kubwa, kwa sababu kinachomsumbua sasa ni kusahau, hasira za ghafla na kutoyaona mapungufu yake mwenyewe.

Miongoni mwa waanzilishi wa njia hiyo ya kundi ni mwanasaikolojia Yehuda Ben-Yishay, aliyeitumia Israeli katika miaka ya 1970 kwa askari waliojeruhiwa ubongo. Baadaye, mwaka 1996, mwanasaikolojia Barbara Wilson alifungua kituo cha namna hiyo mjini Ely, Uingereza. Humo kumbukumbu, hisia, kazi na mahusiano hushughulikiwa kwa pamoja, ndani ya kundi dogo, maana ukimwambia wewe kwamba anasahau atakubishia, lakini akimwona mwenzake anavyohangaika na jambo lilelile huanza kujitambua bila kuaibishwa.

Mdogo wangu, seremala hapa Mafiati, naye aliyeumia ubongo, alilikataa daftari la kumbukumbu kwa miezi mingi. Alilikubali siku alipomwona mgonjwa mwenzake akilitoa mfukoni, likiwa limekunjamana, ili asome alichotumwa sokoni Mwanjelwa.

Mwombe mtaalamu wa tiba kwa vitendo hospitalini, yule anayewasaidia wagonjwa kuzimudu tena shughuli za kila siku, awaunganishe na familia nyingine. Hata tatu zinatosha. Kutaneni asubuhi, kwani ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi, na akiwa na degedege, daktari amwone kwanza.