Makinda wa chozi wanakaribia kutoka, niwapige picha vipi?

SUALI: Assalam alaykum. Mimi niko Fuoni. Kwenye mkomamanga wetu uani kuna kiota cha chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda, kimening'inia, makinda wawili washaota manyoya wanachungulia mlangoni. Nimeazimwa kamera na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 300, nataka niwapate palepale wanaporuka mara ya mwanzo. Kuna tawi linaniziba, nilikate? Na nisogee mpaka wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam mdogo wangu. Tawi usilikate, nakuomba. Hayo majani yanayokuziba wewe ndo yanayowaficha na kunguru, na wewe mtu wa Unguja unawajua, hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Kunguru ana akili sana, akikuona kila siku umesimama chini ya mti mmoja atakuja aangalie unatazama nini. Tafuta pembe nyengine, hata picha ikiwa na jani mbele si neno.

Kusogea ndo kubwa zaidi. Makinda wakifika umri huo wakishtuliwa wanaruka kabla ya siku yao, bawa bado, wanaanguka chini na chini kuna paka. Kwa hiyo kaa ndani upigie dirishani, kamera kwenye stendi, taa ya chumba umezima. Kama umbali unatosha mama yao mwenyewe atakwambia: akija na buibui mdomoni akaingia moja kwa moja, uko sawa, ila akitua pembeni anarukaruka tawi hili na lile, chakula bado anacho mdomoni na haingii, basi ushasogea mno, rudi nyuma hapohapo maana watoto wana njaa wanamsubiri.

Mara nyingi wanatoka asubuhi, we kuwa tayari toka saa kumi na mbili na nusu. Spidi ya shata weka 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache oto, fokasi weka kwa mkono kwenye mlango wa kiota maana oto itashika majani, halafu piga mfululizo. Flashi hapana kabisa.

Lakini mimi kwa maoni yangu picha tamu inakuja baada ya hapo. Kule kuruka ni sekunde moja tu imekwisha, ila wakishatoka wanakaa tawini wamebanana, mkia mfupi, pembe za mdomo bado za njano, na wazazi wanaendelea kuwalisha siku kadhaa, hapo unapiga mpaka uchoke wewe. Kiota pia usikiondoe, makinda wa chozi wengi hurudi kulala humo usiku wa mwanzo mwanzo.

SUALI: Niko Wete. Wanangu wameokota kinda chini wakamuweka kwenye kijiti wampige picha kwa simu. Jirani anasema mama yake atamkataa sasa kwa vile ameshikwa na watu, ni kweli?

JIBU: Hapana dada yangu, ndege hamkatai mwanawe kwa sababu hiyo. Kama ana manyoya na anarukaruka basi kashatoka kiotani mwenyewe, muwekeni kichakani karibu na pale alipookotwa, paka mfungieni ndani, na watoto waondoke kabisa pale maana wakibaki mama hashuki. Akiwa hana manyoya mrudisheni kiotani mkikiona. Msimpe mchele wala msimtie maji mdomoni. Picha wapige kutokea mlangoni kwa zumu, itatoka ndogo lakini itatosha. Na kama ni chozi wenu wa Pemba muwe makini zaidi, ndege yule hapatikani pengine popote duniani.