Focaccia inayobonyea katikati: tatizo si uchache wa hamira

SWALI: Ninaishi Kadutu, Bukavu, na ninaoka focaccia nyumbani, ule mkate bapa wa Kitaliano, nikiupamba kwa nyanya mbichi. Natumia gramu 500 za unga wa ngano na pakiti nzima ya hamira ya gramu 11, kisha nauacha uumuke kwa saa moja. Unapanda upesi, lakini ukiingia katika tanuri unabonyea katikati, unanuka pombe, na chini ya nyanya unabaki mbichi. Muuzaji wa unga ameniambia niongeze hamira pamoja na kijiko cha "dawa ya mkate". Je, nimsikilize?

JIBU: Hapana, mama, usimsikilize. Hamira ni kiumbe hai kinachokula sukari ya unga na kutoa hewa na pombe, na hiyo harufu uliyoisikia ni ushahidi wa kutosha kwamba imezidi. Kumwongezea hamira mkate wa namna hiyo ni kupakia abiria wengine katika mtumbwi ambao tayari unazama.

Karibu kila wiki naulizwa swali hili, na karibu kila mara anayeuliza amekwisha kushauriwa kwamba hamira ndiyo nguvu ya mkate. Hamira inatoa hewa tu. Kinachoishika hewa hiyo ni utando wa gluteni, yaani protini za ngano zinazovutika, ambao hujengeka unga unapolowa, unapokandwa, na zaidi unapopewa muda. Hapa kwetu kuna jambo la pili ambalo mapishi ya vitabuni hayalisemi: maji ya Ziwa Kivu, lililo kando ya mji wetu wa Bukavu, yako kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu namna hii inaukandamiza unga kwa nguvu pungufu kuliko pwani. Kwa hiyo unga huumuka mapema, utando ungali mchanga, na joto la tanuri linapouvuta zaidi, unapasuka na mkate unaanguka.

Punguza hamira hadi gramu 1, yaani kama theluthi ya kijiko cha chai. Changanya na gramu 350 za maji baridi, gramu 10 za chumvi na vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, ukunje unga mara tatu kila baada ya nusu saa, kisha uufunike na kuuacha usiku kucha mahali penye ubaridi. Asubuhi umimine katika sinia iliyopakwa mafuta, uutandaze na kuuacha utulie, halafu ubonyeze kwa kidole: shimo likirudi polepole, uko tayari, likirudi mara moja, subiri, lisiporudi kabisa, umechelewa. Oka kwa nyuzi 220 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25. Tena umeme ukikatika, unga wa hamira chache unaweza kukungojea saa nzima bila kuharibika, jambo ambalo unga wa pakiti nzima hauwezi.

Kuhusu nyanya, zaidi ya sehemu 90 kwa mia ni maji. Ikate, ondoa mbegu, nyunyiza chumvi kidogo na uiache juu ya chujio kwa nusu saa. Utashangaa kuona maji yaliyojaa chini yake, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakibaki ndani ya mkate wako. Paka mafuta juu ya unga kwanza, kisha ndipo uzikandamize nyanya. Ukipenda ziwe mbichi kabisa, choma vipande vya mkate juu ya makaa ya mbabula (jiko la mkaa), visugue kitunguu saumu, na uweke nyanya wakati wa kula, si kabla. Hiyo ndiyo bruschetta.

Nirudi kwenye ile "dawa". Viko viboreshaji halali vya mkate, kwa mfano vitamini C, ambayo viwanda huitumia kwa kiasi kidogo sana na kuiandika kwenye mfuko. Ninachokikataa ni unga mweupe unaopimwa kwa kijiko kutoka ndoo isiyo na jina. Miongoni mwa vitu vinavyotumika kuupandisha mkate haraka ni bromati ya potasiamu, ambayo mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na ambayo Umoja wa Ulaya hauiruhusu katika mkate. Sisemi kwamba ndiyo iliyomo katika ndoo ya muuzaji wako. Nasema yeye mwenyewe hajui, na bado anawapimia akina mama wanaowalisha watoto mkate huo kila asubuhi. Niliwahi kumwuliza muuzaji mmoja wa namna hiyo kilichomo, akanijibu, "Ni dawa, inapandisha." Nilipomwomba anionyeshe mfuko ilimotoka, alianza kumhudumia mteja mwingine.