Re: Tuuze nyumba ya Moshi tukahubiri Longido?

Shalom ndugu. Umeuliza kama muuze nyumba ndipo uache kazi mwende kuhubiri Longido, wilaya ya mkoa wa Arusha, na watoto. Msiuze. Ipangisheni, kodi iwe posho yenu, maana ahadi za washarika hunoga Januari, ikifika Juni simu hazipokelewi. Kama imejengwa kwenye kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo wa Kichagga, ukoo utahoji. Hata kiwanja cha kununua, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema. Ridhaa ya kweli, siyo mama kunyamaza tu sebuleni.

Kabla ya barua ya kuacha kazi, hesabu michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: pensheni inataka miezi 180. Ikipungua, endelea kuchangia kwa hiari. Notisi ya kuacha kazi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kama mna mkopo wa benki, umalizeni kwanza, la sivyo mshahara ukikatika benki inageukia dhamana.

Bima ya mwajiri nayo inakoma, na mtoto akilazwa ndipo wito hutetereka. Kateni nyingine mapema.

Jaribuni miezi mitatu hapohapo Moshi kuishi kwa kiasi kile tu ambacho nyumba yenu ingeingiza kama kodi, mshahara uliobaki usiguswe. Gari la chini uzeni. Kule pikipiki na simtanki la lita 1,000 vina kazi zaidi.